Serikali Zinashauriana

Glenwood, Durban
8 Februari 1998

Babu yangu Anaclet,

Tumsifu Yesu Kristu. Pokea shikamoo yangu, na ya pili ni ya shemeji yako Bibi Ninahazwe, umpelekee ingali moto. Msalimie mama na wadogo zangu. Mwambie mama kwamba nakula vizuri, na kwamba kukohoa kulikwisha tangu Krismasi.

Nimehama hosteli. Nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kihindi, karibu na chuo. Mji huu ni wa vilima, Babu. Ukitoka dukani na mfuko wa unga unafika mlangoni ukiwa umekwisha kuungama dhambi zako zote. Jumapili nasali na Warundi. Mmoja wao anaitwa Zénon, analinda magari ya watu karibu na roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Nikimsemesha Kiha ananijibu Kirundi, tunaelewana kabisa, na kila mmoja anacheka lugha ya mwenzake.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mwaka huu naandika tasnifu yangu. Enzi za Mwingereza dola haikuwa na serikali moja. Kulikuwa na London, halafu kulikuwa na Kanada, Australia, Nyuzilandi na hapa Afrika Kusini, kila nchi na waziri mkuu wake. Nachunguza jinsi walivyokuwa wakiulizana mambo ya ulinzi: nani atoe manowari, nani alinde bandari gani, nani atoe askari. Walikuwa na mikutano yao mikubwa, na kamati kule London, na telegramu zilizopita chini ya bahari bila kupumzika. Juzi profesa wangu akaniuliza swali: katika mashauriano hayo Tanganyika ilisemewa na nani?

Nikakukumbuka. Nilipokuja kukuaga ulisema, "Durban? Naijua Durban," kisha ukainuka kwenda kufunga mbuzi. Sikukuuliza, nilikuwa na haraka ya basi. Sasa nauliza. Je, wewe na Babu Salvator mlipita hapa wakati wa vita? Najua ndugu yako hakurudi. Kuhusu jambo hilo ndani ya nyumba yetu sijawahi kusikia zaidi ya hapo.

Mjukuu wako,
Epiphanie


Kasulu
15 Machi 1998

Kwa mchumba wangu Epiphanie,

Milele amina. Barua yako imefika imelowa, lakini wino ulistahimili. Mvua za mwaka huu si za kawaida. Daraja la chini limekwenda na maji, mihogo inaoza ardhini, na barabara ya Kigoma imekuwa mto. Mama yako hajambo. Wadogo zako hawajambo, yule wa mwisho ameng'oka meno mawili na sasa anaongea kama mzee mwenzangu. Mbuzi amezaa pacha.

Mashauriano unayoyaandika nayafahamu bila kwenda chuo. Ni kama wazee waliokaa kupanga mahari. Wanaulizana ng'ombe wangapi, pombe itoke kwa nani, harusi iwe lini. Binti mwenyewe yuko jikoni anawapikia hao wazee chakula. Basi mwambie profesa wako kwamba sisi tulikuwa jikoni.

Durban niliiona kutoka majini. Habari za vita waulize waliovianzisha.

Soma, ule, usitembee peke yako jioni.

Babu yako,
Anaclet


Durban
26 Aprili 1998

Babu yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za pacha wa mbuzi. Huku joto limepungua na usiku nalala na blanketi.

Mfano wako wa mahari nimemsomea profesa, akacheka, kisha akaniomba niuandike. Ni kweli ulivyosema. Nasoma kumbukumbu za mikutano yao. London inauliza, "Vita vikizuka, mtasimama nasi?" Kanada inajibu kwamba lazima bunge lake liamue. Afrika Kusini inajibu hivyo hivyo. Wote wanasema kwa adabu kubwa kwamba kushauriana si kukubali, na kwamba hakuna serikali itakayoifunga mikono serikali nyingine. Nimesoma kurasa na kurasa za adabu hiyo. Sisi hatukuwa na bunge la kuulizwa. Gavana aliandikiwa, gavana akajibu, watu wakakusanywa.

Jumamosi nilipanda teksi nikaenda Bluff, kile kilima kinachozuia bahari upande wa kusini wa bandari. Ukisimama juu unaona meli zote zilizotia nanga, zikisubiri kuitwa ndani. Nikajiuliza yako ilikuwa wapi. Babu, uliiona Durban kutoka majini kwa nini? Hamkushuka?

Na jingine. Katika barua yako umemtaja mama, wadogo zangu, hadi mbuzi. Bibi Ninahazwe hukumtaja, wala salamu zake sikuziona. Ni yeye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa. Amekasirika nami? Nijibu.

Epiphanie


Kasulu
2 Juni 1998

Mjukuu wangu,

Tunamshukuru Mungu, tupo. Mvua zimekwisha, sasa ni malaria. Mama yako aliugua wiki mbili, amepona. Padre Ildephonse amehamishwa, tumeletewa kijana anayehubiri upesi upesi kama anakimbilia basi.

Bibi yako hana hasira nawe. Yupo.

Hatukushuka.

Mguu unaniuma kwa sababu ya kusukuma baiskeli, kwa hiyo nakomea hapa.

Anaclet


Durban
5 Julai 1998

Babu,

Shikamoo. Pole kwa mguu. Mpe mama pole ya malaria.

Sitazunguka. Leo baada ya misa nilikaa na Zénon na mkewe Gloriose kwenye ngazi za kanisa. Niliwaambia kwamba nina bibi yangu nyumbani, mke wa yule ndugu wa babu yangu asiyerudi vitani, na kwamba tangu mwaka uanze hatajwi katika barua, na nikiuliza naambiwa "yupo."

Zénon akaniuliza, "Ile bibi ni Muha ao ni Murundi?"

Nikamwambia alizaliwa ng'ambo, upande wa Burundi, akaolewa kwetu kabla ya vita ya pili.

Akatazama viatu vyake. "Eish, dada. Mwaka jana mwishoni walipita mu vijiji, wanakusanya Warundi. Hata wale wa zamani. Mimi nilikuwa kule. Huyo bibi yako iko ku kambi."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia yule ni mtu wa kwetu, kila mtu Kasulu anamjua, nani angethubutu. Gloriose akanishika mkono.

Umeanza lini kusukuma baiskeli wewe, Babu, na unaisukuma kwenda wapi? Niambie kwamba Zénon amekosea.

Epiphanie


Kasulu
16 Agosti 1998

Mjukuu wangu Epiphanie,

Zénon hakukosea. Mama yako alinikataza nisikuandikie, alisema utaacha masomo. Nami nilikubali kwa sababu sikujua ningeanzia wapi. Leo nimekaa tangu misa ya kwanza, na sitainuka mpaka nimalize.

Walikuja Desemba. Walisema mambo ya ng'ambo yamechafuka, na kwa usalama wa nchi kila aliyetoka Burundi akae kambini. Bibi yako alikuwa anapepeta maharage. Wakamuuliza alizaliwa wapi, akawajibu kweli, hajui kusema uongo. Wakamuuliza karatasi. Aliolewa mwaka 1938, Epiphanie. Alikuja kwetu amebebwa, na wanawake wakiimba. Karatasi gani? Nilipofika kutoka shambani niliyakuta maharage kwenye ungo, nusu yamepepetwa.

Naenda kila wiki, nampelekea unga na kuni. Baiskeli siiendeshi tena, naisukuma na mzigo. Anakaa ndani ya turubai pamoja na akina mama wawili na watoto wao. Hanung'uniki. Anauliza habari zako.

Nilikwenda ofisini. Kulikuwa na afisa kijana, mwenye adabu, alinipa kiti. Akasema, "Mzee, jambo la watu hawa liko juu. Serikali zinashauriana. Tusubiri."

Nilipoyasikia maneno yale nilishika meza yake kwa mikono miwili. Yule kijana alidhani ni njaa, akaagiza chai.

Sasa nitakuambia ulichouliza mwezi wa pili.

Salvator na mimi tuliingia jeshini pamoja mwaka 1940. Mwaka 1942 tulikuwa Madagaska. Mapigano yalipopoa watu walianza kuharisha damu, na kaka yangu mmoja wao. Mimi nilikuwa mbeba machela. Wagonjwa wakapakiwa melini, nami nikapewa kazi ya kuwahudumia. Tukaletwa Durban, tukatia nanga nje, pale ulipoziona meli kutoka Bluff. Bandari ilijaa. Tuliuona mji, majumba meupe, usiku taa. Tulisikia hata muziki upepo ukigeuka.

Hatukuitwa. Mashua ya kutuletea maji ilikuja ikarudi. Nilimuuliza afisa wetu, "Bwana, watu hawa watashuka lini?" Alikuwa mtu mwema, naye alikuwa amechoka. Akasema, "Haijaamuliwa askari Waafrika wapelekwe hospitali gani, na nani awapokee. Serikali zinashauriana." Kesho yake nilimuuliza tena, akanijibu vile vile. Serikali zipi, sikuambiwa, na sijui mpaka leo. Wewe unayesoma karatasi zao pengine utajua.

Kaka yangu alifia mikononi mwangu asubuhi, mji ukiwa mbele yake. Alikuwa ananiuliza kama ule ni Mombasa. Nilimwambia ndiyo. Wakaja watu na mashua, wakamfunga turubai, wakamteremsha yeye na wengine. Nikaomba kwenda naye. Nikaambiwa nina wagonjwa wa kutazama. Mashua ikaondoka. Kama ilielekea nchi kavu au ilielekea bahari kuu, sikuona, iligeuka nyuma ya meli nyingine.

Niliporudi nyumbani mwaka 1946, Ninahazwe alikuja kunilaki njiani. Nikamwambia, "Salvator amefariki." Akaniuliza, "Ulimzika?" Nikasema sikumzika. "Ulimwona akizikwa?" Nikasema sikuona. Akasema, "Basi usiniletee msiba nusu." Hakunyoa nywele, hakukaa chini, hakutaka mtu aje kumpa pole. Waliomposa baadaye aliwaambia ana mume. Ndiyo maana nyumbani kwetu hukusikia. Tulinyamaza kwa ajili yake.

Sasa sikiliza. Yule afisa kijana alipokwisha kunipa chai alisema iko njia moja. Mjane wa askari wa Tanganyika ni mtu wa hapa, hana shida na kambi. Mimi nitashuhudia ndoa, na yeye aape kwamba ni mjane. Nilikimbia na baiskeli kama kijana. Nikamwambia. Akasema, "Siwezi kuapa jambo nisilolijua."

Nikampigia magoti, Epiphanie. Mimi, shemeji yake, mzee mzima, mbele ya watoto wa watu.

Kisha akasema, "Mtoto yuko Durban. Mwambie atazame. Akimwona mume wangu alipolala, nitaapa."

Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyaleta kama yalivyo.

Babu yako


Durban
27 Septemba 1998

Babu yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikaketi sakafuni kati ya watu. Pole. Sijui neno lingine, na hili halitoshi.

Nimetazama. Kwanza nilirudi kwenye karatasi. Kwa ule mwaka kuna telegramu juu ya makaa ya mawe, juu ya gati, juu ya mizinga ya kulinda bandari, juu ya nani alipie chakula cha kundi la meli. Nimetafuta meli yenye wagonjwa kutoka Madagaska mpaka macho yakavimba. Sikuona. Inawezekana walishauriana wakaandika mahali nisipopafikia, inawezekana hawakuandika. Inawezekana pia, Babu, kwamba hakuna serikali iliyoshauriana na nyingine, na yale yalikuwa maneno tu ya kumtuliza mtu anayeuliza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kisha nikaenda makaburini, Zénon akanisindikiza. Wapo askari wa vita ile, mawe yamepangwa vizuri, majani yamekatwa. Waafrika wapo upande wao. Tulipita jiwe kwa jiwe, yeye mstari mmoja, mimi mstari mwingine, tukisoma kwa sauti. Kila aliponyamaza niligeuka kumtazama. Tulikwenda kwenye makaburi mengine mawili pia, tukauliza wazee wa Bluff ambao baba zao walifanya kazi gatini. Salvator hayupo, Babu. Hakuna jiwe lenye jina lake.

Zénon akaniambia, "Dada, andika umemuona. Ni mama muzee. Mungu atasamehe." Nilikaa na kalamu, Babu, na sentensi niliianza. Halafu nikaona uso wa Bibi akisema hawezi kuapa jambo asilolijua. Nikaichana karatasi.

Haya ndiyo niliyofanya badala yake, umwambie yote.

Niliwaeleza Warundi wa kanisani. Gloriose alisimama akasema, "Mwenye msiba ni binti wa kwetu, na mume wake iko hapa ku mji wetu. Nani alimlilia?" Jumapili iliyopita, baada ya misa, tulipanda wote Bluff, mahali meli zinapoonekana. Padre alisoma sala za maziko toka mwanzo hadi mwisho, akamtaja kwa jina, Salvator, mume wa Ninahazwe. Halafu wanawake wakakaa chini kwenye majani na kulia. Si kulia kwa kuigiza. Kila mmoja wao amewaacha watu nyuma ambao hajui wamelala wapi. Walilia kwa Kirundi, wakaimba zile nyimbo anazoimba Bibi akisaga. Waendesha magari walisimama kututazama. Hakuna aliyetufukuza.

Sikumwona alipolala. Lakini amezikwa, Babu, kadiri watu wanavyoweza kumzika mtu asiye na kaburi, na waliomzika ni watu wa nchi yake Bibi. Kama hiyo haimtoshi, mwambie nitaendelea kutafuta mpaka nizeeke.

Wiki hii wanajeshi wa nchi hii wameingia Lesotho. Redio inasema serikali zilishauriana kwanza. Niliizima.

Epiphanie


Kasulu
29 Novemba 1998

Kwa mjukuu wangu Epiphanie,

Pokea salamu za mama yako, za wadogo zako, za padre kijana ambaye tumeanza kumzoea, na za Bibi yako Ninahazwe, ambaye anazituma kutoka hapa nyumbani, ameketi mlangoni pangu.

Barua yako nilimsomea kambini, ndani ya lile turubai. Nilipofika mahali pa makaburi, kwamba hayupo, alitikisa kichwa kama mtu aliyejua. Nikaogopa, nikaendelea. Niliposoma habari za wale wanawake alininyooshea mkono nisite kusoma.

"Walilia kwa Kirundi?"

"Kwa Kirundi."

"Walikaa chini?"

"Mtoto ameandika walikaa chini, kwenye majani."

Akaomba nirudie. Nikarudia. Wale akina mama wa turubai walikuwa wameacha kupika wanasikiliza. Akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Twende kwa huyo kijana wako."

Ofisini aliulizwa, "Mama, mume wako yuko wapi?" Yule afisa aliuliza kwa upole, lakini ilikuwa lazima aulize. Ninahazwe alimtazama muda mrefu, mpaka kijana wa watu akaanza kupanga kalamu zake. Kisha akasema, "Amekufa." Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilitamka. Alilisema kwa sauti ndogo, kama anajijulisha mwenyewe. Mimi nilitazama ukutani.

Tulirudi naye siku ya pili. Nyumba yake iliangushwa na mvua, ukuta wa nyuma wote, nami sikuwa nimekuandikia hilo pia. Analala kwangu. Hakulalamika juu ya nyumba.

Tukaweka matanga. Mama yako ndiye aliyemnyoa. Majirani walikuja wengi, na karibu wote hawakumjua Salvator, walikuwa hawajazaliwa. Wakadhani wanakuja kwenye msiba wa mzee. Wakawa wanasema yale yanayosemwa kwa wazee, kwamba amekula chumvi nyingi, ameona wajukuu, apumzike. Ninahazwe akawa anawasikiliza tu.

Siku ya mwisho aliniita nikae karibu. Akaniambia, "Shemeji, niambie alikuwaje siku ile." Nikamwambia yote, hata lile la Mombasa. Nikamwambia ndevu zake zilikuwa hazijajaa, na kwamba alikuwa amekonda sana, nilimbeba mwenyewe bila mwenzangu. Hapo ndipo alipolia. Epiphanie, nimeona wajane wengi, sikuwahi kuona mjane akilia vile. Alilia kama mama aliyepoteza mtoto. Alipopata pumzi aliniambia:

"Alikuwa na miaka ishirini na minne. Nimemngoja mpaka nimekuwa hivi. Ningemkuta njiani leo, ningemwita mjukuu."

Babu yako,
Anaclet